Uvimbe wa Kalista Unaotoka Jasho

Malimi alikuwa na dawa moja kwa kila uvimbe: chuma cha moto. Ndama akivimba tezi kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, alichomwa, na wengine walipona kweli, basi mzee akavimba kichwa. Balaa ni kwamba sasa alitaka kumchoma bintiye.

Kalista alizaliwa na doa la zambarau juu ya kifundo cha mguu. Alipovunja ungo likaanza kuvimba, na kila akitwanga mpunga lilitiririka jasho, mguu wa pili mkavu kabisa. Majirani wakasema karogwa. Na washenga wa Budeba, kijana aliyetaka kumwoa, walitarajiwa mwisho wa mwezi kuja kuposa.

"Tutauchoma kabla hawajafika," alisema Malimi.

"Hunichomi, baba."

Kesho yake Kalista alidandia lori la mpunga hadi Mbeya. Hospitalini, Daktari Isakwisa alikata kipande kidogo, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Kalista akakaa kwa mama yake mdogo, mtaa wa Ilomba, mpaka majibu yakarudi.

"Si saratani," daktari alimwambia. "Ni tezi za jasho na mishipa ya damu, vimeota pamoja. Ni nadra, mimi mwenyewe ndiyo kwanza nauona. Hautakuua. Ukikusumbua, tutautoa. Ila usichomwe, utavuja damu vibaya."

Alirudi kwao Usangu siku ileile ya posa, kama alivyompigia baba simu, akakuta washenga wamekaa uani na chuma kimeiva motoni. Aliogopa, lakini alivuta kigoda akakaa, akapandisha kanga mbele ya wote.

"Choma basi, baba. Daktari kasema ni mishipa ya damu. Damu ikikataa kukoma, utaizuia kwa kitu gani?"

Malimi alikishika chuma. Magesa, mkubwa wa washenga, akakohoa.

"Mzee mwenzangu, kama hachomwi, itabidi ng'ombe wa mahari wapungue."

Malimi alikitumbukiza chuma kwenye ndoo ya maji, mvuke ukamfunika uso.

"Wasipungue. Wabaki kwenu wote."

Washenga walipoondoka kwa hasira, mzee alichuchumaa akautazama ule mguu kwa karibu.

"Unauma?"

Miaka yote hiyo watu walikuwa wamemuuliza nani kamroga, na nani atamwoa. Kalista, ambaye hakutoa chozi mbele ya chuma, sasa alilia kwa sauti.

"Unauma, baba. Sana."

"Basi kesho twende Mbeya wautoe," alisema Malimi. "Nitakaa na wewe."