Ushahidi wa Mke

"Alicheka," niliiambia mahakama, wala sauti haikunitetemeka.

Alikuwa amelia, na hakuna aliyejua hilo kuliko mimi. Kila Juni, Siku ya Bendera, maveterani wa mji wetu hapa Ohio huchoma bendera zilizochakaa kwa heshima zote, na mwaka ule wa 1971 mimi ndiye niliyesimamia pipa la moto. Maxine Tolliver alikuja na bendera mpya kabisa, ile iliyofunika jeneza la kaka yake aliyefia Vietnam. Nilidhani ni uchungu wa msiba tu, nikampisha. Alipoitumbukiza akapaza sauti kwamba vita hii ni ya kipuuzi, imemla kaka yake bure. Ziliteketea bendera arobaini siku ile. Aliyekamatwa ni yeye peke yake.

Mume wangu Harlan, wakili, akajitolea kumtetea. Sikujali, mpaka alipoanza kunyoa ndevu mara mbili kwa siku. Wateja wengine walikuwa "yule mlevi", "yule wa ng'ombe". Huyu alikuwa Maxine. Maxine kasema hivi, Maxine ana moyo. Namuuliza kama nyama imeiva, ananijibu habari za Katiba. Wivu ulinikaba hadi nikawa namchukia mwanamke mfiwa, na sikuona haya.

Kesi ilisimama juu ya jambo moja: alikusudia kuidhihaki bendera, au alikuwa anaomboleza? Harlan akaniita mimi kizimbani, shahidi wake wa kutegemewa.

"Verna," aliniambia kwa upole, "waambie ulichokiona usoni mwake."

Nikamtazama Maxine. Alikuwa akimtazama Harlan. Ndipo nikasema nililosema, akafungwa mwaka mmoja.

Alikuwa ametumikia kifungo miezi minane, hukumu ya rufaa ilipotoka. Harlan alinisomea mezani, polepole. Majaji walisema awe amecheka, awe amelia, haiwahusu. Yale aliyoyasema yalikuwa maoni yake, na ana haki ya kuyatoa.

"Kwa hiyo nilichosema hakikuwa na uzito," nikasema.

"Mahakamani, hapana."

Akachukua funguo za gari, akaenda kumtoa Maxine gerezani. Jioni alirudi nyumbani, kama kawaida. Tuliishi pamoja miaka thelathini mingine, na hakuniuliza tena nimeona nini, hata nikiwa nimesimama dirishani naye anataka kujua kama mvua inanyesha.