Shangazi Kwenye Mnada wa Sadaka

Mkwe wangu Rachel alipojifungua nilipanda Machame kumhudumia, na neno langu la kwanza kwa mwanangu Sifael lilikuwa kuku. Mtori wa ndizi ulikuwepo, maziwa yalikuwepo, lakini mzazi anataka supu. Sifael akasema Jumapili tukitoka kanisani atamchinja yule mweusi aliyemnunua Sanya Juu.

Alilisema hilo mbele ya Elinipendo, binti yake wa miaka mitano. Wanaume bwana! Mtoto alishinda na yule kuku mapajani, na alimwita Shangazi kwa ajili ya mwendo wake wa kujisikia. Kweli alifanana na binti yangu wa Moshi mjini.

Jumapili asubuhi kuku hakuonekana. Sifael alizunguka migombani akimlaani mbwa wa jirani. Elinipendo alikuwa ametangulia kanisani na watoto wenzake, amevaa koti la mitumba la baba yake lililomfika visiginoni, na jua kali vile. Sikuuliza, nilikuwa na yangu jikoni.

Sisi Walutheri wa huku, asiye na hela hutoa alichonacho, mkungu wa ndizi au mayai, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje. Siku hiyo Filemon, mzee wa kanisa, akainua juu kuku mweusi aliyefungwa miguu kwa utepe wa nywele.

Sifael akatoa macho, akataja bei haraka. Jirani yetu Mama Eliufoo akamwonea huruma: baba mwenye kichanga anatupa hela za nini? Akapandisha dau. Sifael naye akapandisha, jasho linamtoka, kwa kuku wake mwenyewe! Watu wa Mungu wakachangiana kumshinda, na Mama Eliufoo akakabidhiwa kuku.

Akaja moja kwa moja kwangu. "Shikamoo, bibi. Huyu ni wa Rachel, mkampikie supu."

Elinipendo akaangua kilio kilichomtoa mchungaji ofisini. "Nimempa Mungu! Mungu hanywi supu!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka, kisha nikamwona mtoto anavyotetemeka ndani ya lile koti, roho ikaniuma sana.

Nyumbani Rachel alisikiliza yote, kichanga kifuani. "Kwa hiyo kuku ni wa nani sasa?"

"Ni wako," nikamjibu.

"Basi hachinjwi."

Sifael akanitazama mimi, mimi nikatazama sufuria tupu.

Jioni wanawake wa kanisa wakaingia na masufuria yao, Mama Eliufoo mbele, kila mmoja amechinja kuku wa kwake. Elinipendo akakaa kwenye kigoda, Shangazi kwapani, akanywa mabakuli mawili ya supu na kuramba kijiko, wala hakuuliza ni kuku wa nani.