Mama Ndoo Ajifunza Kutembea

Saluni nzima ilimwita Chapuchapu, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Ukikaa kwenye kiti chake na kichwa kama kichuguu, kabla hujamaliza kumsengenya wifi yako umeshasukwa mistari iliyonyooka hadi unaogopa kukuna. Vidole vyake vilikuwa na mbio kuliko ulimi wa Kasuku, na Kasuku, mwosha nywele wa pale, alikuwa na ulimi ambao ukiwepo hakuna haja ya redio.

Ndiyo maana wateja walishindwa kuelewa. Mwanamke huyu huyu, mwenye vidole vya umeme, alikuwa juma la pili mbele ya laptopu na bado hajaweza kumtembeza mwanamke wa katuni hata hatua tatu.

Laptopu yenyewe ilikaa kwenye rafu, kati ya kopo la mafuta ya nywele na kapu la rola. Mteja akiingia chini ya draya, Chapuchapu anafuta vidole kwenye aproni, anaifungua, na huyo hapo Mama Ndoo: mnene, kilemba chekundu, macho ya mtu aliyesikia jambo, na ndoo ya manjano mkononi. Alimchora mwenyewe. Kuchora hakukuwa tatizo. Tangu utotoni alichora watu kwenye vumbi, kwenye maboksi, kwenye mvuke wa kioo cha saluni, na kila akimaliza alibaki na dukuduku lile lile: wamesimama tu. Alitaka waende zao.

Sasa nafasi ilikuwa imepatikana. Mtaa wa pili, ghorofani juu ya duka la dawa, kulikuwa na karakana ya katuni, watu wanaotengeneza masomo ya watoto kwa picha zinazotembea. Walikuwa wanachukua wanagenzi, na kilibaki kiti kimoja. Sharti lilikuwa jepesi kulitamka: mtu wako abebe kitu, avuke picha kutoka upande huu hadi ule, akitue. Ijumaa, saa tisa alasiri, kazi iwe mezani.

Na nyumbani nako kulikuwa na sharti. Mwenye saluni alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea na kumfundisha kusuka, mama wa maneno machache na kitana kisichotoka kwenye nywele. Alikuwa anafungua saluni nyingine ng'ambo ya soko na alimtaka Chapuchapu akaisimamie.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia. "Ukipata hicho kiti, nitatafuta mtu mwingine, na kinyongo sina. Ukikosa, Jumamosi unashika funguo, na hizo katuni sitaki kuzisikia tena. Mshika mawili moja humponyoka."

"Sawa, Mama Mdogo."

"Sawa ya kweli au sawa ya kunitoa hapa?"

"Ya kweli."

Na ilikuwa ya kweli. Hapo ndipo penye balaa.

Programu ya kutembezea katuni iliyokuwa kwenye laptopu, mwanzo aliiona kazi ndogo. Alishajifunza kumtia Mama Ndoo mifupa, maana mchoro usio na mifupa hauwezi kukunja goti. Mfupa wa paja, wa muundi, wa kisigino. Kasuku alipochungulia na kuona vijiti vimepita ndani ya mwili wa yule mama, alishika kifua: "Jamani! Umemfanyia nini? Mtu mzuri vile umemgeuza mshikaki!"

Halafu ukaja mstari wa muda, ule utepe ulio chini ya kioo unaoonyesha picha moja baada ya nyingine. Unaweka alama: hapa mguu upo chini. Unasogea mbele, unaweka nyingine: hapa mguu upo juu. Chapuchapu akaweka alama kwenye kila picha, bila kuruka hata moja, zimebanana kama mistari ya kichwani. Alipobonyeza kucheza, Mama Ndoo hakutembea. Alitetemeka, ndoo na kilemba na vyote, kama mtu aliyemeza simu inayoita.

"Mpeleke hospitali huyo," alisema mteja chini ya draya.

Chapuchapu alifuta kila kitu, akaanza upya. Mara ya pili goti lilikunjika kwa nyuma kama la mbuni. Akafuta kila kitu. Mara nyingine miguu ilikwenda vizuri kabisa, mkono mmoja tu ukabaki nyuma umening'inia. Akafuta kila kitu. Kila jioni alifunga saluni akiwa na Mama Ndoo aliyesimama pale pale aliposimama asubuhi, ndoo mkononi, kama mtu anayengoja bomba lililokatwa.

Jumatano alipanda ngazi za karakana kuomba msaada. Mwalimu wa wanagenzi alikuwa kijana mdogo kuliko yeye, mwenye ndevu ambazo bado zilikuwa zinajadiliana kama ziote au ziahirishe.

"Nionyeshe unavyofanya, dada."

Akaonyesha. Vidole vikaruka kwenye vitufe. Hatua ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu mguu ukapinda kidogo. Na kabla mwalimu hajafumba jicho, utepe ulikuwa mweupe.

"Mbona umefuta?"

"Mguu umepinda."

"Umepinda mmoja. Umefuta yote."

"Mwalimu," alisema Chapuchapu, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto kwa nini jiko linaunguza, "mstari ukipinda, unafumua mpaka kwenye shina. Ukiuacha, unaofuata unaufuata, na mwisho mteja anatoka na kichwa kama njia ya mbuzi. Nimefundishwa kwa kupigwa kitana vidoleni, hilo halitanitoka."

Mwalimu alimtazama, kisha akakitazama kile kiganja kilichokuwa bado juu ya kitufe cha kufuta.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Dada, hizi si nywele. Nywele moja imeshika nyingine. Huku kila alama imekaa peke yake. Weka chache tu: mguu unatua, mguu unapita, mguu unatua. Katikati programu inajaza yenyewe. Ikikosewa moja, isogeze hiyo hiyo moja. Nyingine hazifumuki."

"Hazifumuki?"

"Hazifumuki."

Alishuka ngazi akiwa ameelewa kwa masikio. Mikono ilikuwa haijasadiki.

Alhamisi aliikalia mikono hiyo, kweli kweli: kila akitaka kufuta, aliiweka chini ya mapaja. Kasuku alimuuliza kama ana baridi. Lakini kufikia jioni Mama Ndoo alikuwa amevuka nusu ya picha, na wateja wawili waliacha kupaka rangi kucha ili kumshangilia.

Ijumaa, jua la mchana likiwa limesimama mlangoni, Mama Ndoo alivuka picha nzima. Alivuka, ndiyo, lakini mguu wa kushoto ulikuwa mwongo. Kila ulipokanyaga ulirudi nyuma polepole, sssss, kama umekanyaga sabuni. Chapuchapu alijaribu kusogeza alama hii, akasogeza ile, mguu ukazidi kuteleza. Muda ulikuwa unayoyoma. Kidole kikaenda kwenye kitufe cha kufuta, kikakaa juu yake.

Hapo ndipo Kasuku alipotoka na beseni la maji ya kuoshea, akakanyaga povu lake mwenyewe. Mikono ilipaa kwanza. Halafu kiuno. Halafu mguu mmoja ukaenda kusalimia dari. Alidaka ukingo wa kiti, beseni likamtua kichwani kama kofia, na saluni nzima ikaangua kicheko.

Chapuchapu peke yake hakucheka.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Kuteleza."

"Wewe mwanamke una wazimu? Kiuno kimoja nilicho nacho, nikutelezee mara mbili?"

"Polepole tu, shoga yangu. Mikono ilianza au kiuno?"

Kasuku akalalamika, akarudia. Mtu mwenye jina lile haachi jukwaa hivi hivi. Na Chapuchapu akaingia kazini. Kila msusi anajua, mstari ukikataa kabisa kunyooka na mteja yuko mlangoni, unautia shanga hapo hapo palipopinda, watu wanasifu shanga. Akamwaga dimbwi la maji kwenye njia ya Mama Ndoo. Mguu mwongo ukapata sababu: mama anakanyaga maji, anateleza, mikono inapaa, kilemba kinaruka, ndoo inarushwa juu, anaidaka, anaitua upande wa pili na kujifuta uso. Saluni ilipiga makofi. Mteja wa draya alisahau kwamba masikio yanaungua.

"Twende," alisema Mama Mdogo, akichukua mtandio wake.

"Twende wapi? Wewe unakuja?"

"Nina haja duka la dawa," alisema, na akapanda ngazi hadi juu bila hata kulitazama duka la dawa.

Mwalimu aliicheza kazi ile, akacheka mpaka ndevu zikaonekana nyingi. Akaicheza tena, akacheka kidogo. Mara ya tatu hakucheka.

"Ondoa maji," alisema.

"Maji ndiyo hadithi yenyewe, Mwalimu."

"Hadithi ni nzuri. Ila niliomba atembee, na mimi naona umemtelezesha ili nisiutazame mguu. Ondoa maji."

Akayaondoa. Mguu wa kushoto ukabaki uchi mbele za watu, unarudi nyuma, sssss.

"Utengeneze. Hapa hapa, nikiangalia. Saa tisa haijafika."

Chapuchapu akashika kipanya. Akatazama utepe, alama zimekaa juu yake kama viroboto. Kidole kile, kile kile kilichofundishwa kwa kitana, kikaanza safari yake kuelekea kitufe cha kufuta.

Na nyuma yake Mama Mdogo, aliyekuwa hajui lolote la mstari wa muda lakini alijua kila kitu cha mistari, akainama sikioni mwake na kumnong'oneza kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo:

"Fumua, mwanangu. Anza upya. Utawahi, una mikono."

Hakuna aliyewahi kumshauri jambo kwa nia njema kuliko hilo. Na hakuna mtu ambaye Chapuchapu aliwahi kumtii kuliko huyo. Kidole kiligusa kitufe, na kitufe kilikuwa cha baridi.

"Hapana, Mama Mdogo," alisema. "Huku hakufumuliwi."

Akakiondoa kidole. Akasogea kwenye utepe mpaka pale mguu unapotua, akauliza kimoyomoyo swali ambalo hakuwahi kuuliza: huu mguu ukishatua, nani kauambia uondoke? Akaenda alama inayofuata, pale unapoinuka. Lo! Alikuwa ameziachia alama mbili zisizopatana, moja imeweka kisigino hapa, nyingine imeuweka unyayo mzima nyuma, na programu kwa utiifu wake ilikuwa inajaza safari katikati. Haikuwa na kosa. Ilikuwa inatekeleza ilichoambiwa, maskini. Akanakili alama ya kwanza, akaibandika juu ya ile ya pili, kisigino kikakaa mahali pamoja. Akacheza. Mguu ulitulia hatua mbili, ukateleza ya tatu.

"Bado mmoja," alisema mwalimu.

"Nimeuona."

Akausogeza huo mmoja. Huo tu. Nyingine zikakaa zilivyo, hazikufumuka. Akabonyeza kucheza.

Mama Ndoo akatembea. Kusema kweli hakutembea kwa madaha. Aliyumba kidogo, na bega moja lilikuwa juu kama analificha jipu. Lakini mguu ulipokanyaga, ulikanyaga. Chini palikuwa chini. Uzito ulihama kutoka huku kwenda kule, ndoo ikabembea, na yule mwanamke wa rangi na vijiti akavuka picha kama mtu mwenye pa kwenda.

"Anatembea kama kaazima viatu," alisema mwalimu.

"Lakini anatembea," alisema Chapuchapu.

"Anatembea." Akajikuna zile ndevu. "Maji yarudishe. Ila sasa ateleze kwa sababu wewe umetaka ateleze, si kwa sababu umeshindwa. Na Jumatatu asubuhi ufike mapema, kiti chenyewe kile pale kando ya dirisha. Kina mguu mmoja mbovu, usikiegemee."

Chapuchapu alitaka kupiga kigelegele, akaona aibu ya ugeni, kikamtoka kidogo puani.

Mama Mdogo alibaki amesimama, mtandio mkononi. Alikuwa ameambiwa hapana na binti aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika kitana, mbele ya kijana asiyemjua, na ile hapana ilikuwa imeshinda. Si jambo la kumeza kwa funda moja. Akaikaribia laptopu, akaangalia yule mama akipita mara moja, mara mbili.

"Wewe kijana," alisema mwishowe.

"Naam, mama."

"Huyu ana haraka, usimcheleweshe na nadharia. Na akikosea mgombeze, mimi nimemdekeza." Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Mtu wa saluni mpya nitamtafuta mwenyewe. Kasuku usimtaje, atawahubiria wateja mpaka wanyonyoke nywele. Shuka twende, kuna kichwa kinakungoja."

"Nakuja, Mama Mdogo."

"Nakuja ya kweli?"

Chapuchapu alikuwa ameshaketi kwenye kile kiti cha dirishani, bila kukiegemea, na kipanya mkononi. Alikuwa ameligundua lile bega lililo juu, na alikuwa anatafuta kwenye utepe ni alama ipi, moja tu, iliyolipandisha.