Shemeji na Utelezi wa Mchanga

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wa Garissa jembe tunalijua kwa kuliona dukani, ndiyo maana shemeji yangu Barre alikaa kwangu mwaka mzima na viganja laini kama vya bi harusi.

Alikuja kutoka Tarbaj kabla ya mvua ile ya El Nino, na mkoba mmoja. Anapitia tu, alisema. Akakaa mlangoni mwa hoteli yangu, akanywa chai moja, viatu hakuvua. Kesho yake akavua viatu. Soksi hakuvua kamwe, joto lote hilo la Garissa, eti ana baridi ya mifupa. Hata kutawadha alipangusa juu yake tu. Wiki iliyofuata lori likaleta godoro lake. Kufika Idi alikuwa na kiti chake, na mteja akikikalia Barre anasimama kando akikohoa mpaka mtu wa watu anahama na sahani yake.

"Ni ndugu yangu, Kaha," mume wangu Guleid aliniambia kila nilipolalamika. "Nimfukuze aende wapi?"

Guleid ni mpole sana. Upole wake ulikuwa unakula nyama yangu ya mbuzi asubuhi, mchana na jioni, kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mvua ilipokwisha, mto Tana ulikuwa umemwaga matope na mizoga kila bulla, kila mtaa wetu, na kipindupindu kikaingia. Bwana afya akaanza kupita hoteli moja baada ya nyingine. Atakayekutwa na maji machafu mezani anafungiwa. Chai inachemka, sawa, lakini mteja wa hapa akila wali anataka jagi la maji baridi, na kuni za kuchemsha maji mengi hivyo zilikuwa zimelowa zote. Mbuzi wa Guleid walikuwa wamesombwa. Watoto wangu walikula kwa hoteli ile peke yake. Ikifungwa, tumekwisha.

Nikaenda kwa Wekesa, mhandisi wa Bungoma aliyekuja na watu wa misaada. Akanitengenezea chujio: pipa, changarawe chini, mchanga juu, bomba pembeni. Baada ya muda juu ya mchanga ukaota utelezi wa kahawia unaotia kinyaa. Nikachukua kijiko niukwangue.

"Acha, mama," Wekesa akasema. "Huo ndio unaofanya kazi. Kijidudu kikipita na maji kinagusa punje ya mchanga. Mwanzo kinagusa tu, maji yakisukuma kinaondoka. Kikipata nafasi kinatoa gundi. Hapo hakibanduki tena. Kinaita wenzake, wanajenga. Hao walioshika ndio wanaotumalizia wale wabaya wanaopita."

Nikageuka nikamtazama Barre kitini.

"Na kikishashika, kinaondolewa na nini?"

"Kusugua. Au njaa. Chakula kikikatika, kinaachia chenyewe, kinatafuta pengine."

Nilirudi jikoni nikicheka peke yangu. Kusugua nilishajaribu kwa ulimi, na ulimi wangu si mlaini.

Bwana afya akapima maji, akaridhika, akasema atarudi.

Sasa nisimsingizie Barre uvivu. Alifanya kazi siku moja. Nilikuwa nimekwenda soko la mifugo, na Guleid, kwa kuchoka na kelele zangu, akamwambia, "Ndugu yangu, fanya hata kitu kimoja, mke wangu atulie." Na huku kwetu kila mtu anajua jinsi ya kuosha jerikeni iliyoshika utelezi: unatia mchanga na kokoto, unatikisa mpaka ndani inalia kavu. Utelezi kwenye chombo cha maji ni aibu ya nyumba. Barre akafunua pipa, akaona mchanga wenyewe, huo unaosafisha vingine, umeshika utelezi.

Niliporudi mchanga ulikuwa umeanikwa kwenye mikeka yangu, mweupe, unanukia Omo. Barre alikuwa amekunja mikono ya shati, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Abaayo, biba lilikuwa limeoza," akasema. Pipa kwake ni biba, na abaayo ni dada. "Nimeokoa jina lako. Usafi ni nusu ya imani."

Nilikaa chini palepale nikalia.

"Lakini mchanga unang'aa, Kaha," Guleid akasema. Nilimtazama mpaka akatoka nje.

Nikaurudisha mchanga ndani nikiomba Mungu. Bwana afya akaja akachota, akapeleka maabara, na majibu yakaja na kufuli. Wekesa akanusa mchanga, akatikisa kichwa. Nimimine maji ya mto kila siku, pole pole, akasema, ningoje vishike tena, na itachukua wiki kadhaa. Basi mimi niliyeomba mwaka mzima kitu fulani kiachie, nikatandika mswala kuomba vitu vingine vishike.

Jiko likapoa. Barre akakaa kitini akingoja. Ikaja chai ya rangi. Ikaja chai ya rangi bila sukari. Akaanza kuulizia malori. Asubuhi moja tukaamka godoro halipo.

"Hakuniaga," Guleid akasema, akikitazama kile kiti. Iliniuma kumwona vile, wallahi, na furaha yangu nikaificha.

Toka siku hiyo maji ya mto alibeba yeye. Aliyamimina taratibu, mkono mmoja chini ya mdomo wa jerikeni yasichimbe mchanga, kisha anainama kuangalia kama utelezi umeanza.

Ulianza. Bwana afya akapima, akafungua kufuli, na siku hiyohiyo nikabandika mbuzi. Nyama haijaiva, lori la Tarbaj likasimama. Kilichotangulia kushuka ni godoro. Nyuma yake Barre, na nyuma ya Barre binamu yake mwenye godoro la kwake.

"Abaayo, niliwakumbuka," akasema, akaketi kitini pake. "Sahani mbili."

Nikasimama na upawa mkononi. Nilimtazama Guleid, aliyekuwa anatoka kwenye pipa na mikono imelowa, nikajua kwamba akinyamaza leo basi hoteli hii si yangu tena.

"Karibu, ndugu yangu," Guleid akasema. "Hapa wateja hulipa kwanza."

Barre akacheka, akangoja Guleid naye acheke. Guleid hakucheka.

Barre akainama. Akavua kiatu, kisha akavua soksi, akatoa noti iliyokunjwa. Ilikuwa imelainika kama kitambaa, ina umbo la unyayo wake. Mwaka mzima ilikuwa humo.

Guleid aliipokea kwa ncha za vidole, akaitazama kitambo. Kisha akaniambia niwapakulie kama wateja wengine.