Viini vya Owiti

Benta aliilowesha bandeji kwa maji ya chumvi, akangoja, akaivuta kidogo, akangoja tena. Ukiharakisha inatoka na nyama. Mwanawe Owiti alikuwa ameuma kona ya mto. Huu ulikuwa mwezi wa tano tangu bati la kiwandani, kule Industrial Area, limchane chini ya goti, na kiwanda kikasema kibarua hana faili, hivyo hana fidia. Hospitali walibadilisha sindano mara nne. Viini vya kidonda vilizizoea zote. Jumatatu mguu unakatwa.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Sydney, kijana wa maabara ya utafiti aliyechukua usaha wa Owiti wiki tatu nyuma. Alivua viatu mlangoni, kwa adabu.

"Niaje, daktari," Owiti akasema. "Wadudu wangu wamededi?"

"Wote."

Akawaonyesha picha kwenye simu: kisahani kimejaa ukungu wa manjano wa viini vyake, na katikati duara safi, kama mahali sufuria imeinuliwa kwenye meza yenye vumbi.

"Hapo katikati ndipo tulipotia dawa yetu, Mama. Ngozi ya chura hutoa kinga yake, lakini ikiingia kwa damu ya mtu inavunjika upesi. Sisi tumeibadilisha, tukaiunganishia kamkia ka mafuta, sasa haivunjiki. Iliua viini vyake kwa usiku mmoja."

Benta alilitazama lile duara mpaka simu ikazima.

"Basi mpake."

"Bado haijaruhusiwa kwa mtu. Tuko kwa panya. Labda miaka kumi."

"Tone moja tu, baba. Nitapaka mwenyewe. Sitasema ni wewe."

"Nitafutwa kazi, Mama."

"Hata chura wa mtaroni mtaani Baba Dogo anayo," Owiti akasema. "Panya naye amepewa. Mimi ndiye sina chama cha kunitetea."

Sydney alifungua mkoba, akatoa kijiti chenye pamba na kichupa kilichoandikwa namba.

"Viini vya kwanza tulivimaliza kwa majaribio. Tunahitaji vingine kabla ya Jumatatu."

Owiti aligeuza uso ukutani. Kisha, polepole, akausogeza mguu.

Benta akapiga magoti, akamalizia kuibandua ile bandeji. "Huku pembeni usiguse sana," akasema. "Hapo ndipo panapouma."

Sydney alizungusha kijiti mara tatu, akakitia kichupani, akaweka kichupa kwenye kisanduku chenye barafu na kukifunika vizuri kwa kitambaa, viini visije vikafa njiani.