Damu ya Mzee Metito

Tone lenyewe la damu lilikuwa moja, na Resian alikuwa ameliunguza kwa mkono wake mwenyewe.

Kifaa alichotumia kilikuwa kipande cha kioo cha kutosha kiganjani, na ndani yake mlipita mfereji mwembamba kama unywele. Husafishwa kwa maji ya sukari kabla ya kupitisha damu. Yeye, kwa haraka zake, akavuta maji ya chumvi, yanayopitisha umeme kupita kiasi. Alipowasha umeme mfereji ukapata moto, mapovu yakafumka, chembe za damu zikapasuka zote. Alijiona mjinga wa mwisho.

Nje, kwenye benchi la maabara hapo Korogwe, baba yake, mzee Metito, alikuwa akiulizia basi la kurudi Handeni. Homa ilimwandama tangu masika. Vipimo vya kawaida havikuona kitu, naye akaamua ni uzee tu, akaanza kuwagawia wanawe ng'ombe. Kifaa hiki kilikuwa cha majaribio: umeme huvuta chembe nzima zing'ang'anie kingoni mwa mfereji, zenye vimelea vya malaria zikapita zake na kukusanyika mwishoni, hata zikiwa chache mno.

Resian akatoka. "Baba, naomba damu tena."

"Tena?" Mzee alicheka, kifua mbele. "Kumbe yangu ni tamu!"

Kwao Sindeni hutolewa damu ya kunywa ng'ombe mwenye afya, mgonjwa haguswi. Asubuhi mzee alinyoosha mkono kwa fahari, akidhani amechaguliwa kwa nguvu zake, na Resian akanyamaza kwa kuogopa atakataa.

"Baba, sikukuchagua kwa nguvu zako. Natafuta ugonjwa."

"Ng'ombe mgonjwa hatolewi damu, Resian."

"Najua. Nisamehe, baba."

Mzee akageukia barabarani. Kisha akanyoosha mkono bila kumtazama. "Toa."

Safari hii alisoma mara mbili maandishi ya chupa ya maji ya sukari. Umeme ukawaka, chembe zikakimbilia kingoni, zikashika. Moja haikushika, ikapita. Ikafuata nyingine. Daktari Fausta, mkuu wa maabara, akaziangalia kwa darubini, akaitikia kwa kichwa.

Resian akatoka mbio. "Baba, una malaria!" Alicheka huku machozi yakimtoka, benchi zima likageuka.

"Mimi naumwa, wewe unacheka?"

"Nacheka, baba. Uzee ndio hauna dawa."