Kutaja Si Kuita

Kazini walimwita Mabano, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila walipoajiriwa wageni wa kuandika programu, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuwafunda, na somo lake la kwanza lilikuwa lile lile, hadi wenzake wakawa wanalisema kabla yake huku wakicheka. Katika lugha ya kompyuta waliyoitumia, kazi hugawanywa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na jina lake. Wenyewe huviita fanksheni. Ukiandika jina tupu la fanksheni, umeitaja tu, nayo hukaa kimya kama mtu anayesengenywa hayupo. Ukilitia jina hilo mabano mwishoni, umeiita, nayo huitika papo hapo na kufanya kazi yake, uwe tayari usiwe tayari.

"Kumtaja mtu si kumwita," Mabano aliwaambia, akigonga ubao kwa kidole. "Mtaje kutwa nzima, haji. Mwite mara moja, huyo mlangoni. Mabano, jamani! Angalieni mabano!"

Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, dada yake. Wazazi walipofariki yeye alikuwa bado wa kupelekwa shule kwa kushikwa mkono, na aliyemshika mkono alikuwa dada. Dada alishona. Alishona sare za watoto wa watu ili huyu wa kwao naye avae sare. Wanaume walikuja kumtaka, akawaomba wasubiri mdogo wake amalize shule. Nao wanaume, kama tunavyowajua, si watu wa kusubiri. Mdogo akamaliza shule, akamaliza chuo, akapata ofisi yenye kiti cha kuzunguka. Dada akabaki na cherehani yake na mvi za kwanza.

Ndipo siku moja akapiga simu, sauti yake ikicheka na kuogopa kwa pamoja.

"Mdogo wangu, usinicheke. Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu. Anataka kunioa. Unamjua, ni yule fundi viatu wa hapo nje ya ofisi yenu."

Mabano alimjua. Ni nani kwenye jengo lile asiyemjua? Benchi lake lilikuwa chini ya dirisha lao hasa. Viatu ambavyo Mabano alikuwa amevaa dakika ile, soli zake zilitiwa na mkono wa mtu yule, Mabano alimtupia asubuhi moja bila salamu, akamwambia, "Nikitoka nivikute tayari." Dada naye alikutana naye pale pale. Alikuwa amemletea mdogo wake mashati aliyomshonea, mapokezi wakamwambia yuko kikaoni, kamba ya ndala yake ikakatika, akakaa benchini kusubiri vyote viwili, ndala na ndugu. Ndala ndiyo iliyowahi.

"Nimefurahi sana, dada," Mabano alisema.

Tusimwonee, tusimfiche pia: hakufurahi hata chembe. Aliona aibu. Aliwaona wenzake dirishani wakioneshana vidole, mwalimu wao Mabano ni shemeji wa yule anayegonga misumari pale chini. Dada hakuyaona hayo, simu haina macho. Yeye alikuwa na ombi moja tu. Watu wa yule bwana watakuja nyumbani kwake kuzungumza, na siku hiyo alitaka mdogo wake aketi kando yake.

"Sina mwingine, unajua. Usije ukaniacha nikakaa peke yangu mbele ya watu kama niliyeokotwa."

"Nitakuja, dada. Niambie siku tu."

Kisha akaanza kumkwepa. Dada alipiga kuuliza wiki hii au ijayo, naye akawa na kikao. Alipiga tena, akawa na homa. Lakini uongo ni mzigo, unataka kichwa chenye kumbukumbu, na kichwa cha Mabano kilikuwa na shughuli nyingine. Basi akafanya wanachofanya watu wa fani yake wakichoka kufanya jambo: akaipa kompyuta ilifanye. Aliandika fanksheni tano: kikao, homa, safari, chaji, msiba. Kila moja ilikuwa na ujumbe wake mfupi. Dada akipiga na asipopokelewa, programu ilipiga kura, ikachomoa jina moja bila mpango, ikaliita, na udhuru ukaenda wenyewe. Tena alijisifu moyoni. Binadamu akidanganya hujirudia, alifikiri, bali kura haina mazoea.

Kura pia haina akili. Wiki moja iliangukia homa mara tatu mfululizo. Dada akaingiwa na hofu, akawa anamwandikia alfajiri na mapema: umepima damu, umekula, nije? Mabano akaona arekebishe, ili udhuru uliokwisha kutumika usirudi mpaka nyingine zote zipite. Aliifanya kazi hiyo siku ya Ijumaa, wenzake wakimwita chai, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Alizipanga upya zile fanksheni kwenye orodha yake. Na kwa haraka ile, kila jina akalitia mabano. Ndiyo, yeye. Badala ya kuzitaja zingoje kura, aliziita zote. Hakujaribu kuona kama inafanya kazi. Akafunga kompyuta, akaenda kunywa chai.

Jumamosi ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Dada alikuwa amechoka kungoja, akaipanga peke yake na kumjulisha. Mabano aliamka, akapiga pasi shati, akavaa viatu, akakaa kitandani kufunga kamba. Akazitazama zile soli. Akaziachia kamba. Simu ilipolia aliiachia iite mpaka ikanyamaza, halafu ikatetemeka kidogo mezani, akaichukua aone ni udhuru gani umekwenda.

Zilikuwa zimekwenda zote tano. Kwa kufumba na kufumbua, mtu mmoja alikuwa kikaoni, yuko kitandani ana homa, yuko njiani safari ya kikazi, simu imemwishia chaji, na yuko msibani amefiwa na mwenzake kazini. Hata jini hawezi.

Uso ulimwaka hadi masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Bado angeweza kukimbia, mabasi yalikuwepo, lakini alijiambia muda umekwenda, akavua viatu. Alingoja simu ya matusi. Haikuja. Jioni ulikuja ujumbe wa dada: *Pole na kazi mdogo wangu. Wageni wanakusalimu.* Aliusoma, akausoma tena, na kila akiusoma alizidi kujiona hafai.

Jumatatu asubuhi, akipita kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuonekana, alisikia sauti benchini.

"Shemeji!"

Kitu cha kwanza alichofanya Mabano, na ndicho alichokuja kukijutia kuliko vyote, ni kugeuka kulia na kushoto aone nani amesikia. Fundi viatu alimwona akigeuka.

"Basi, bosi," alisema taratibu, akiweka nyundo chini. "Keti kidogo. Sitakuchelewesha."

Mabano aliketi. Benchi lilinuka gundi.

"Juzi dada yako alikuwa na sinia la vikombe mkononi," fundi alisema. "Simu ikalia mezani. Akaniambia, nisomee, huyo mdogo wangu, yuko njiani. Nikafungua. Nikaona ya kwanza, nikaona ya pili, mpaka ya tano. Wazee wangu wote wananitazama mdomoni. Ikabidi nichague."

"Ukachagua?"

"Nikasema yuko kikaoni, kimemshika, anaomba radhi sana. Hiyo radhi niliongeza mimi. Nilitafuta hata kwenye moja, sikuiona."

"Kwa nini hiyo ya kikao?" Mabano aliuliza.

"Ameizoea. Ameshaisubiri hapa hapa, mchana mzima, na mashati yako mapajani. Wewe ukatoka kwa mlango ule na wenzako, mnacheka, mnakwenda kula. Mimi nilikuona. Yeye alikuwa ameinama, anaangalia ndala yake."

"Hukumwambia?"

"Ningemwambia nini, bosi?"

Watu waliingia ofisini, wengine wakimpungia Mabano mkono. Hakuwaona. Yeye bingwa wa kura aliiachia mashine imchagulie la kumwambia dada yake, lolote, litakaloangukia. Huyu wa misumari alipewa uongo wa aina tano wa mtu mwingine mbele ya watu wazima, akachagua ule usiomuumiza yule mwanamke.

"Zile nne nimezifuta," fundi aliendelea. "Nimeshika simu ya mtu nikafuta vyake, na nimemdanganya kabla hata sijamwoa. Sitaki kuanza naye hivyo. Jioni nikifunga nakwenda kumwambia. Ukitaka, twende wote. Usipotaka nitasema langu tu, lako sitaligusa."

Jioni walikwenda wote, fundi mbele, Mabano nyuma kama mtoto aliyeitiwa mzazi shuleni. Dada alikuwa kwenye cherehani, na kumwona mdogo wake tu akaacha gurudumu lizunguke lenyewe.

"Ee, wewe! Wamekuachia leo? Wakubwa wako wale watakuua kwa vikao." Akaonesha kiti kando yake, kiti chenye mto aliouvisha kitambaa kipya. "Hiki ndicho nilichokuwekea juzi. Mjomba wake mmoja alitaka kukalia, nikamwambia hapana, kina mwenyewe."

Fundi viatu alibaki mlangoni. Alikohoa, akafungua mdomo aseme lake, lakini Mabano alimtangulia. Hilo moja tumpe.

"Dada, hakukuwa na kikao."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, yeye aliyezoea kufundisha. Dada alisikiliza huku mkono wake ukilainisha kitambaa kilichokwisha kulainika.

"Yaani uliandika uongo wa aina tano," alisema, "ukaipa kompyuta inichagulie."

"Ndiyo."

"Ikachagua wowote tu."

"Wowote, dada."

"Hata wewe hukujua ni upi nimepewa."

"Mpaka nitazame, dada."

"Homa ilikuwa uongo?"

"Uongo."

"Zote tatu?"

"Zote."

"Nilifunga siku ile, nikuombee." Alisema hivyo bila kulalamika, kama anayekumbuka mahali alipoweka kitu. "Na safari?"

"Sikwenda popote."

"Na msiba?"

"Hakuna aliyekufa, dada."

"Mungu ashukuriwe," dada alisema, tena kwa moyo wake wote, na Mabano angeona nafuu kama angezabwa kofi.

Nje mtu aliita watoto waje kuoga. Dada alikuwa anafikiri, na alipouliza tena sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siku ile nilipokuambia kuna mtu, ulisema umefurahi. Hiyo nayo ni ya kompyuta?"

"Hapana. Ile niliisema mwenyewe."

"Basi angalau ile ni kweli."

Ilikuwa njia nyeupe, na dada mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Neno moja tu, ndiyo, na hakuna mashine wala mtu ambaye angemuumbua maisha yake yote. Nyuma yake, mlangoni, fundi alikuwa anatazama pembeni, kwa adabu, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

"Ile nayo ni uongo," Mabano alisema. "Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Macho ya Mabano yakashuka yenyewe kwenye viatu vyake, kwenye soli zile, na macho ya dada yakayafuata hadi pale. Akaelewa. Mabano aliona uso wake ukielewa, akajua kwamba hicho ndicho atakachokiona kila atakapofumba macho.

Dada alikata uzi kwa meno. Akakivuta kile kiti karibu naye, akaupigapiga mto wake kwa kiganja. Mabano akasogea hatua moja.

"Si wewe," dada alisema, bila ukali wowote.

Akamwita yule aliyesimama mlangoni kwa jina lake, jina ambalo Mabano, kwa miaka yote ya kumtupia viatu, hakuwahi kuliuliza. Naye akaitika, akaja, akaketi.